Taji la mama mdogo 1999 kichwani kwa bi harusi wa leo: tukarabati au tuliache?

Juzi kwenye kikao cha familia huku Chang'ombe, Dodoma, tulipofika kipengele cha mavazi ya bi harusi shangazi akasimama na rambo, yale marambo ya kabla hayajapigwa marufuku 2019, akamwaga mezani taji, veli, glovu na mkufu alivyovaa mama mdogo 1999. Eti vipelekwe kwa fundi vikarabatiwe, hakuna haja ya kununua wala kukodi wakati michango yenyewe inasuasua. Nusu ya kikao wakapiga makofi. Bi harusi mwenyewe akainama anaangalia simu.

Mi nafanya kazi ya kupamba maharusi so nina maslahi kidogo hapa, naomba mlijue hilo mapema. Ila shangazi ana pointi. Lile taji lilikuwa jeusi kabisa ukilitizama unasema la kutupa, nikalichukua nikasugua jino moja la nyuma kwa ndimu na chumvi, kumbe chini ni shaba, likang'aa njano ile nzito ambayo haya mataji ya plastiki ya siku hizi hayana. Limepungua mawe saba tu, na mawe pakiti moja ni bei ya chai na chapati mbili. (Ila msikimbilie kusugua kila kitu na ndimu, kama kimepakwa tu rangi ya dhahabu juu utaitoa yote ubaki na bati, jaribu kwanza sehemu isiyoonekana.)

Afu kuna wale wanaosema kuvaa vitu vya ndoa ya mtu mwingine ni mkosi, hasa kama ndoa yenyewe ilivunjika. Sawa kila mtu na imani yake, lakini hao hao wanakuja kukodi shela ambalo limeshavaliwa na maharusi hata kumi, limepunguzwa limeongezwa limebandikwa lesi mpya kifuani, na hakuna hata mmoja anayeuliza hao kumi ndoa zao zimefikia wapi. Kama ni mkosi basi na wa kukodi upo, au wa kukodi unalipiwa risiti unaisha?

Sasa veli ndo habari nyingine. Neti ya nailoni iliyokaa kabatini miaka yote hiyo inakuwa ya njano, na kitu cha kwanza watu wanachofanya ni kuiloweka kwenye jiki, na jiki kwenye nailoni inazidisha unjano badala ya kuutoa, halafu mtu akiona imekunjamana anaweka pasi ya moto inayeyuka tobo. Ilikuwa na madoa ya kahawia pia na shangazi anaapa ilihifadhiwa safi, nami namuamini, maana soda ikimwagika siku ya sherehe ikakauka huioni, ile sukari ndo inabadilika rangi taratibu humo kabatini. Fundi hapo hana muujiza, atachukua mkasi akate penye doa, na veli ya mita tatu inarudi imekuwa kitambaa cha begani.

Na hapo ndo mi nakwama, wala sio kwenye hela. Ya mama yangu ilikatwa hivyo hivyo kwenye harusi ya binamu, kila mtu alisifia imependeza, kweli ilipendeza, ila mama aliporudishiwa aliigeuza geuza akauliza nyingine iko wapi. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Ukisema unakarabati kitu cha mtu maana yake kuna kitu chake unakimaliza, na mwenye haki ya kukubali ni yeye, sio kamati.

Kwa hiyo msimamo wangu, vya chuma ndio, vya kitambaa niacheni. Na hata hivyo vya chuma mawe yashonwe kwa uzi wa nailoni, yasibandikwe kwa gundi ya kuyeyusha, maana ukiacha taji kwenye gari lililopaki juani mchana wa Dodoma ile gundi inalainika na bi harusi anafika kwenye picha jiwe liko shavuni. Tena bi harusi aulizwe pembeni peke yake, mbele ya wazee ishirini atasema nini zaidi ya "sawa shangazi"?

Nilimuuliza kweli nje tukisubiri bodaboda. Taji analitaka, veli hapana, atanunua neti mpya ya mita pale mjini. Mama mdogo tukampigia yuko Kondoa, akasema taji mchukueni, veli nirudishieni kama ilivyo na madoa yake.

Tukarudi ndani kutoa taarifa, mtu mmoja akamuuliza shangazi mbona yeye hajaleta vya kwake maana naye alifunga ndoa na shela. Akasema vya kwake vina kumbukumbu.