Nani alimpigia kura kima namba 766?

Lawama dhidi ya matajiri wenye taasisi za hisani inajulikana: nani aliwachagua? Waziri wa afya akiboronga, bunge litamhoji. Tajiri hahojiwi na mtu, ilhali fedha zake zimepata nafuu ya kodi, yaani sehemu yake ni ya umma. Marekani sheria inazitaka taasisi hizi zitoe takriban asilimia 5 ya mali zao kwa mwaka. Zilizobaki hukaa kwenye hisa zikizaana.

Hoja nzito. Lakini kila nikiisikia namkumbuka kima mmoja.

Mwaka 1936 Rockefeller Foundation, taasisi ya hisani ya tajiri wa mafuta wa Marekani, ilifungua kituo cha kuchunguza homa ya manjano huko Entebbe, Uganda. Watafiti wakawa wanapandisha vizimba vya kima juu ya miti katika msitu wa Zika ili mbu wawaume, kisha wanawapima joto. Tarehe 18 Aprili 1947 kima namba 766 akakutwa na nyuzi 39.7. Damu yake haikuwa na homa ya manjano. Ilikuwa na kirusi asichokijua mtu, kikapewa jina la msitu.

Kwa miongo kadhaa hakuna aliyejali. Kisha 2015 kikalipuka Brazil, watoto wakazaliwa na vichwa vidogo kupita kawaida, na Februari 2016 Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura. Miaka karibu 70! Mbunge gani angesimama jimboni kutetea bajeti ya kuning'iniza kima mtini, wakati shule ya kata haina paa? Wala simlaumu, paa ndiyo kazi yake.

Uhuru huohuo wa kutohojiwa na mpiga kura una aibu zake. Rockefeller Foundation ilizifadhili pia taasisi za Ujerumani zilizotafiti namna ya "kuboresha" mbari, elimu waliyojifichia Wanazi baadaye. Na wenyeji wa Entebbe, chini ya mkoloni, nani aliwauliza? Hapa ndipo ningewabana wafadhili: watangaze wanampa nani na kwa nini, na wawasikilize wenye msitu kabla ya kuupanda mti wao.

Ila kuwalazimisha wafuate vipaumbele vya serikali iliyopo ni kuanzisha hazina ya pili, na ya kwanza tunayo. Kituo cha Entebbe chenyewe sasa ni cha serikali ya Uganda. Ebola ikishukiwa nchini humo, sampuli hupelekwa pale.