Kwenye filamu, dikteta wa Afrika hana makarani

Juzi kwenye kundi letu la WhatsApp mtu alirusha kipande cha filamu ya The Last King of Scotland, kile ambacho Forest Whitaker, akiwa Idi Amin, anawahutubia wanakijiji nao wanamshangilia. Watu wakacheka sana. Kisha mama mmoja mtu mzima aliyekulia Masaka, Uganda, ambaye kwa kawaida huandika pole na hongera tu, akaandika: "Wanangu, huyo hakuwa peke yake." Hakuna aliyemjibu. Mazungumzo yakahamia kwenye michango ya harusi.

Hasira niliyo nayo tangu siku hiyo siyo ya waliocheka. Ni ya filamu zilizotuzoesha kumtazama Amin kama kiroja cha mtu mmoja.

Tarehe 25 Februari 2007, kwenye tuzo za Oscar, Whitaker alitangazwa mwigizaji bora wa kiume kwa kumwigiza Amin. Usiku huohuo filamu bora ya lugha ya kigeni ikawa The Lives of Others, inayohusu Ujerumani Mashariki ya mwaka 1984. Tawala mbili za mabavu, jukwaa moja. Zitazame zikifuatana utaniambia. Huko Berlin kuna kapteni wa Stasi, polisi wa siri wa Ujerumani Mashariki, aliyejibanza darini na vifaa vya kusikilizia. Anaandika ripoti, ripoti inapanda kwa mkubwa wake, mkubwa anapigia hesabu cheo, waziri anatanguliza tamaa zake. Kuna jirani aliyeona mitambo ikitegwa, naye anaambiwa akifungua mdomo binti yake atapoteza nafasi chuo kikuu. Honecker, kiongozi wa nchi, si mhusika kabisa. Hahitajiki. Mtambo unajiendesha.

Njoo Kampala sasa. Mtu mmoja tu. Anacheka, anaua, anaogopa, anacheka tena. Na hata huyo mmoja tunamwona kupitia macho ya daktari kijana wa Kiskoti ambaye hakuwahi kuwepo. Kay, mke wa Amin, ambaye kweli alikufa kifo cha kutisha mwaka 1974, amebuniwa mapenzi na huyo daktari ili kifo chake kipate sababu. Waganda wenyewe wako pembeni wakishangilia, au wameshakuwa maiti. Rise and Fall of Idi Amin ya mwaka 1981, ile ambayo Mkenya Joseph Olita alimwigiza Amin, ilitangulia kufanya hivyo. Waliowahi kuiona kwenye mikanda ya video wanakumbuka vichwa kwenye jokofu. Nani alipiga chapa majina ya watu wa kukamatwa? Filamu haikuuliza.

Wakati Uganda halisi ilikuwa imejaa watu wa kuulizwa. State Research Bureau, idara ya usalama ya Amin pale Nakasero, Kampala, ilikuwa ofisi, yenye wafanyakazi wanaolipwa mshahara na magari yenye namba za UVS. Mtu akisukumwa kwenye buti mchana kweupe, kuna aliyemtaja, kuna aliyeendesha, kuna aliyesaini. Waasia walipopewa siku 90 Agosti 1972 na wakaondoka, maduka yao hayakugawanywa na Amin akipita mlango kwa mlango. Kulikuwa na kamati. Wanajeshi na waliojuana nao wakajikuta wenye maduka na viwanda, na mitaani likazuka jina lao: mafuta mingi. Hebu nipe filamu ya kikao kimoja tu cha kamati hiyo. Nipe mtu mpole, mcha Mungu, anayetaka duka la jirani aliyemkopesha sukari miaka 10.

Au nipe Benedicto Kiwanuka. Jaji Mkuu wa nchi, aliyeamua kwamba wanajeshi hawakuwa na mamlaka ya kumshikilia Mwingereza mmoja, akaamuru aachiwe. Septemba 1972 watu wenye silaha wakamtoa katika jengo la Mahakama Kuu lenyewe. Hakurudi. Mahakama ina makarani, ina walinzi, ina mawakili wanaosubiri kesi zao koridoni. Walifanya nini asubuhi ile? Na kesho yake walifunguaje ofisi? Hapo ndipo udikteta ulipo, na hakuna kamera iliyokaa hapo.

Whitaker alistahili tuzo, siwezi kubisha. Amin kweli alipenda jukwaa, na filamu inahitaji sura ya mtu. Tena hata Wajerumani walilalamikia yao: Hubertus Knabe, wakati huo mkurugenzi wa makumbusho ya Hohenschönhausen, lililokuwa gereza la Stasi, alikataa filamu ile isirekodiwe pale kwa sababu hakukuwa na ofisa wa Stasi aliyemwokoa mlengwa wake kama kapteni yule anavyofanya. Lakini tazama wanachogombania. Wanagombania tabia ya kapteni. Sisi hata kapteni wa kumgombania hatujapewa.

Na Watanzania tusijitoe. Vita vya Kagera tunavisimulia kama pambano la watu wawili, Mwalimu na nduli. Kampala ilikombolewa Aprili 1979, nduli akakimbia, na kwa hesabu ya filamu hizi mambo yalipaswa kuishia hapo. Waulizeni watu wa Luwero, kaskazini mwa Kampala, walivyoishi kwenye vita vya miaka michache baadaye. Mtu mmoja aliondoka, mazoea ya kukamata na kunyamaza yakabaki kazini.

Kwamba inawezekana, Wabrazili wameonyesha mwaka 2024 kwa filamu ya Ainda Estou Aqui, inayohusu utawala wao wa kijeshi. Mwaka 1971 wanaume waliovaa kiraia wanaingia nyumbani, wanamchukua Rubens Paiva, aliyewahi kuwa mbunge, wengine wanabaki sebuleni na familia. Mkewe Eunice anapata cheti cha kifo mwaka 1996. Mateso ya miaka 25 yameonyeshwa bila rais kugeuzwa kiroja.

Mwaka 2019 Makumbusho ya Uganda yalionyesha picha za wapiga picha wa serikali ya Amin, zilizokuwa zimefungiwa kabatini miaka mingi. Mikutano, magwaride, maofisa wakipeana mikono. Nyuso zipo. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1972 sasa amepita 70, na wengi bado wanaweza kutaja nani alikaa kiti gani. Waandishi wa filamu wa Kampala, Nairobi na Dar, nendeni mkawaulize mwaka huu.