Glavu zipo, lakini dawa iko kwenye chupa ya maji

Stoo nyingi za nyuma za hoteli za Unguja, kuanzia Nungwi hadi Paje, zina boksi la glavu, bango la usalama lililoandikwa Kiingereza, na chini ya bango hilo chupa ya maji ya kunywa ya lita moja na nusu. Ndani yake mna kitu cha manjano mpauko. Hakuna lebo. Wenyewe wanakijua: ni klorini ya dumu, imemiminwa humo ili iwe rahisi kubeba hadi vyumbani. Chupa hiyo ni hatari zaidi kuliko upungufu wa glavu, na meneja mwenye bajeti ndogo ya usalama aanze nayo kabla ya kununua chochote chengine.

Dawa nyingi za kazini zinakuja zikiwa zimeyeyushwa kwenye maji: hipokloraiti ya sodiamu (ndiyo hiyo klorini ya dumu) ya bwawa na ya dobi, asidi ya haidrokloriki ya kurekebisha pH, yaani kipimo cha ukali wa maji ya bwawa, kostiki soda ya kuzibulia mifereji na kuondolea mafuta jikoni, dawa za kutoa kutu kwenye mashuka. Kwa kuwa ni maji maji, hazitoi vumbi na hazishiki moto, mtu huzichukulia kama ndugu wa sabuni ya kuoshea vyombo. Tazama nguvu zake. Jiki ya dukani huwa na klorini kiasi cha asilimia 3 hadi 5. Dumu la hoteli huwa na asilimia 10 hadi 15. Asidi ya bwawa huwa kama asilimia 31 hadi 33, na ukifungua kifuniko tu unaona moshi wake ukipanda kwenye hewa yetu ya unyevu.

Chupa ya kinywaji ina makosa matatu kwa pamoja. La kwanza kila mtu analijua: mtu mwenye kiu hasomi, hunyanyua na kunywa, na mwezi wa Ramadhani adhana ya magharibi ikilia kila mtu ananyoosha mkono kwenye chupa iliyo karibu. La pili ni la kikemia. Hipokloraiti hutoa hewa ya oksijeni kidogo kidogo inapoharibika, ndiyo maana madumu yake halisi huwa na kifuniko chenye tundu la kupumua. Ukiifunga kwenye chupa ya kawaida, chupa inavimba, na siku ikifunguliwa inakurukia usoni. Kostiki nayo inakula plastiki ya chupa za maji, khasa ikiwa bado ya moto. La tatu ni la hospitali: mgonjwa akifikishwa, daktari atauliza kanywa nini na cha asilimia ngapi, na chupa isiyo na lebo haina jibu.

Suluhisho lake ni rahisi. Dumu kubwa liwekewe koki au pampu ya mkono, kila dawa na pampu yake, isihamishwe. Chupa za kufanyia kazi ziwe za kupuliza, za aina ambayo hakuna kinywaji kinachouzwa ndani yake. Juu yake iandikwe kwa Kiswahili, kwa kalamu isiyofutika: jina la dawa, asilimia, tarehe iliyochanganywa, na neno moja la onyo. Mwisho wa zamu kilichobaki kinamwagwa au kinarudi stoo. Amri hii imguse na mkuu wa kitengo, maana mara nyingi yeye ndiye anayemimina.

Hesabu ya kuchanganya nayo isiachiwe macho. Zidisha lita unazotaka kwa asilimia unayoitaka, gawanya kwa asilimia ya dumu. Ukitaka lita 10 za asilimia 0.5 kutoka dumu la asilimia 12: 10 mara 0.5 gawanya kwa 12, unapata lita 0.417, yaani kama mililita 420, na maji yaliyobaki. Tatizo ni kwamba dumu la asilimia 12 halibaki asilimia 12. Joto likipanda nyuzi 10, hipokloraiti huharibika kwa kasi ya mara tatu au zaidi, na jua linaongeza. Stoo ya mabati wakati wa kaskazi huidhoofisha dawa kabla dumu halijafika nusu. Ikishuka hadi asilimia 8 utahitaji mililita 625 kwa kazi ile ile. Hapo ndipo wafanyakazi huanza kumimina kwa kukisia, na siku dumu jipya likija wanamimina kiasi kile kile cha dawa kali. Nunua kidogo kidogo hata kama nauli ya boti kutoka Dar es Salaam inauma, andika tarehe ya kupokea, tumia la zamani kwanza.

Kwenye bwawa la kuogelea ndiko watu wanakoweza kuumia wengi kwa mara moja. Hipokloraiti ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini papo hapo, na gesi hiyo ni nzito mara mbili na nusu kuliko hewa, kwa hiyo inatambaa chini na kujaa kwenye shimo la pampu. Watu hawaichanganyi kwa makusudi. Inachanganyika kwa njia ndogo ndogo: faneli moja kwa dawa mbili, ndoo iliyosuuzwa nusunusu, lori la muuzaji kujaza tangi lisilo lake kwa sababu mabomba yote mawili ni meupe.

Njia moja inatuhusu sana sisi wa visiwani. Maji ya visima vyetu yanatoka kwenye mwamba wa matumbawe, yamejaa chokaa, na chokaa hiyo huganda kwenye ncha ya kuingizia klorini mpaka inaziba. Fundi anajua asidi inayeyusha chokaa, basi anavuta asidi kupitia bomba lile lile lililokuwa na klorini. Gesi inatokea mbele ya pua yake. Utaratibu sahihi: zima pampu ya dawa, fungua ncha, pitisha maji safi kwa dakika kadhaa mpaka harufu iishe, kisha iloweke ncha peke yake kwenye asidi iliyopunguzwa, nje, penye upepo. Ioshe tena kwa maji kabla ya kuirudisha.

Nyengine ni umeme. Ukikatika, jenereta huwashwa kwa sehemu tu ya nyaya. Pampu kubwa ya kuzungusha maji ikiachwa nje na pampu ndogo za dawa zikabaki na umeme, klorini na asidi zinaendelea kudondoka kwenye bomba lisilo na mwendo. Pampu kubwa inapowaka, mchanganyiko ule unasukumwa bwawani pamoja na gesi, watoto wakiwa ndani. Pampu za dawa lazima zifungwe zisifanye kazi bila ya maji kupita, kwa swichi ya mtiririko. Ni kazi ya siku moja ya fundi umeme, na ningeiweka mbele ya vifaa vyote vya kinga. Wanaotumia klorini ya unga wajue pia kwamba kalsiamu hipokloraiti na vidonge vya trikloro, ambavyo ni klorini ya aina nyengine, havikai kwenye chombo kimoja wala havichotwi kwa kijiko kimoja. Vikikutana na unyevu vinaweza kulipuka.

Kwenye dobi, kitu cha kuogopa ni chupa ndogo ya kutoa kutu. Baadhi zina asidi ya haidrofloriki au chumvi zake. Ikiwa hafifu haiunguzi mara moja. Maumivu yanaweza kuja baada ya saa nyingi, wakati imeshapenya hadi kwenye mfupa. Kama hoteli inatumia dawa hiyo, jeli ya kalsiamu glukoneti, ya kupaka palipoguswa na asidi hiyo, iwepo ndani ya chumba cha dobi na isiwe imepitwa na wakati, na aliyeguswa aende hospitali hata kama haoni jeraha. Kama jeli haipatikani, basi dawa hiyo isinunuliwe. Shuka lenye doa la kutu linaweza kukatwa likawa kitambaa cha kupangusia.

Vikundi vya sabuni za mwani na karafuu vinaijua kostiki vizuri, lakini sufuria ya alumini bado inaonekana. Kostiki inaila alumini na kutoa haidrojeni, hewa inayoshika moto, na jiko liko pembeni. Tumia chuma cha pua au ndoo nene ya plastiki ya kuhimili joto. Kwa maji ya asilimia 30, weka gramu 700 za maji baridi kwanza, kisha nyunyiza gramu 300 za kostiki kidogo kidogo ukikoroga. Ukigeuza, ukamwaga maji juu ya kostiki, yanachemka ghafla na kuruka. Utelezi unaousikia kwenye vidole ni mafuta ya ngozi yako yakigeuka sabuni, kwa hiyo osha hapo hapo. Usipake siki.

Kuosha kwenyewe kunafanywa kwa haraka mno. Jicho lililoingiwa na kostiki au asidi linahitaji maji yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20, kope zikiwa zimefunguliwa kwa vidole. Kwa mwendo wa lita moja na nusu kwa dakika, hizo ni lita 22 hadi 30. Bomba la ukutani haliaminiki siku maji yamekatika, na bomba linalotoka tangi la juani linaweza kutoa maji ya moto saa nane mchana. Weka madumu mawili ya lita 20 yenye koki, kivulini, hatua chache kutoka panapomiminwa dawa, na yabadilishwe maji kila wiki. Aliyefunga akirukiwa mdomoni asukutue na kutema mara moja, asisubiri.

Barakoa ya kitambaa au ya vumbi haizuii gesi. Harufu ya klorini ikija, toka kwanza, panda upande unaotoka upepo.

Umwagikaji wa asidi ufunikwe kwa mchanga wa pwani. Mchanga wetu mweupe ni chokaa, utatoa povu na hewa ya kaboni dayoksaidi huku ukiiua asidi, kwa hiyo milango iwe wazi. Kwenye klorini mchanga nao unafaa kunyonya, lakini pumba za mbao hapana, zinaweza kushika moto.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Zanzibar, Namba 8 ya 2005, inamwekea mwajiri wajibu huu, hivyo muuzaji aombwe karatasi ya taarifa za usalama kabla ya kulipwa. Ina sehemu 16. Ya 4 (huduma ya kwanza), 7 (kushika na kuhifadhi), 8 (vifaa vya kinga) na 10 (vitu visivyochanganywa nayo) zitafsiriwe Kiswahili na zibandikwe pale lilipo lile bango la Kiingereza.

Halafu kuna madumu matupu. Yanauzwa getini, yanaishia kuwekea maji ya kunywa majumbani. Dumu la klorini lisuuzwe mara tatu, na maji ya kusuuzia yatumike kwenye mchanganyiko unaofuata. La asidi ya kutoa kutu au la kostiki litobolewe kitako kwa msumari mnene kabla halijatoka stoo.