Tanuri la Coalbrookdale: je, 1709 inastahili sifa zote?

Coalbrookdale, kwenye bonde la mto Severn huko Shropshire, Uingereza, hutajwa kuwa mahali yalipozaliwa Mapinduzi ya Viwanda. Sifa hiyo imejengwa juu ya tanuri moja la kuyeyushia chuma. Mzalishaji wa chuma Abraham Darby alilikodi likiwa bovu, akalifufua, na mwaka 1709 akaanza kuyeyusha chuma kwa koki, yaani makaa ya mawe yaliyochomwa kwanza ili kupunguza salfa, badala ya mkaa wa miti.

Wanaoitetea sifa hiyo wana hoja nzito. Mkaa ni laini. Ukirundikiwa mawe ya chuma mengi husagika na kuziba njia ya hewa. Koki hustahimili uzito, hivyo matanuri yakaweza kurefuka na kuzalisha zaidi. Isitoshe, ukuaji wa viwanda haukufungwa tena na kasi ya miti kuota.

Lakini kama yalikuwa mapinduzi, mbona wenzake Darby hawakumfuata? Kwa takriban miaka 40 wafua chuma wengi wa Uingereza waliendelea na mkaa, na sidhani ilikuwa ukaidi. Chuma cha koki kilikuwa na silikoni nyingi, kwa hiyo kukigeuza kuwa chuma cha kufuliwa kulikuwa kazi ngumu na ya gharama. Darby hakusumbuliwa na hilo. Yeye alisubu vyungu, yaani alimimina chuma kilichoyeyuka kwenye kalibu, na tayari mwaka 1707 alikuwa na hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) ya kuvisubu katika kalibu za mchanga. Silikoni ileile iliyowakera wafuaji ilikifanya chuma chake kitiririke vizuri na kutoa vyungu vyembamba, vyepesi, vya bei nafuu. Alibahatika pia: makaa ya mawe ya eneo lile yalikuwa na salfa kidogo. Wafuaji walianza kukinunua chuma cha koki kwa wingi miaka ya 1750, zama za mwanawe, Abraham Darby wa Pili. Tena Wachina walikuwa wameyeyusha chuma kwa makaa ya mawe karne nyingi kabla yao.

Kwangu mimi, mwaka 1709 unabebeshwa mzigo usio wake. Hata masalia yenyewe yanasema hivyo: sehemu kubwa inayoonekana leo ni ya mwaka 1777, Abraham Darby wa Tatu alipolipanua tanuri, wakati mradi wa Iron Bridge, daraja maarufu la chuma juu ya mto Severn, ukiendelea. Tanuri lilizimwa mwanzoni mwa karne ya 19, likafukiwa na taka za kiwanda, na kufukuliwa mwaka 1959.

Lilindwe, tena kwa gharama yoyote, kwa sababu ni mahali adimu ambapo vizazi vitatu vya majaribio vinaonekana kwenye ukuta mmoja. Ila maelezo anayopewa mgeni yaanze na vyungu vya jikoni, yaieleze ile miaka 40 ya kusitasita, na ndipo yafike kwenye daraja.