Mtaalamu wa Upepo, Safu ya Pili Kutoka Mwisho

Sijawahi kurusha hata kishada kikaenda sawa. Lakini video za ndege zikitua kwenye upepo mkali nimezitazama kiasi kwamba, ukinikuta kwenye kiti cha abiria, utadhani rubani ameniomba nimwangalizie mambo ya huku nyuma. Kwa hiyo alipotangaza kuwa tunakoshukia kuna upepo mkali na tutatikisika kidogo, wenzangu walikaza mikanda, mimi nikasafisha koo.

Nilikaa kiti cha katikati, safu ya pili kutoka mwisho. (Nyuma ndiko ndege inakochezacheza zaidi, karibu na mabawa kuna nafuu. Hilo nalijua vizuri. Kwa nini sikulikumbuka wakati wa kuchagua kiti, usiniulize.) Dirishani alikuwa kijana aliyefumba macho tangu tuliporuka. Upande wa njia, mama mmoja mtu mzima, mkoba mapajani, ametulia kama yuko sebuleni kwake.

"Mama, usiogope," nikamwambia.

"Siogopi, mwanangu."

Jibu hilo halikunisaidia. Nilikuwa nahitaji mtu anayeogopa. Nikaamua kumtuliza hivyo hivyo.

Nikaanza na mabawa. Nikamweleza kwamba yametengenezwa yapinde, na kwamba mwaka 2010 Boeing walilichukua bawa la 787 kwenye majaribio wakalivuta juu kwa mitambo hadi likapinda karibu mita 7.6, wala halikuvunjika. Mama akasema "enhe". Nikapata nguvu, nikaingia kwenye somo lenyewe: upepo wa ubavu.

Hapo maneno matupu hayatoshi, panahitaji zana ya kufundishia. Kwenye mfuko wa kiti cha mbele mlikuwa na kadi ya maelekezo ya usalama, ngumu, haikunjiki. Na mfuko wa kutapikia, karatasi nyeupe, safi, imara. Nikaukunja ukawa ndege. Kwa kuwa napenda kazi nzuri, nikauchana kidogo chini ili upate mkia.

"Sasa, mama, mkono wangu huu ndio njia ya kutulia. Upepo unatoka kushoto. Rubani akinyoosha pua moja kwa moja, upepo utamsukuma hadi majanini. Kwa hiyo anaigeuza pua kuelekea upepo unakotoka, ndege inakuja upandeupande kama kaa. Ikikaribia kugusa ndipo anakanyaga pedali, pua inanyooka, na bawa la upande wa upepo analilaza kidogo. Tairi za upande huo ndizo zinazotangulia chini."

"Kumbe kazi ni kujua upepo unatoka wapi."

"Hapo umemaliza, mama! Ndiyo maana uwanjani kuna lile bomba la kitambaa mlingotini. Mdomo wake mpana unatazama upepo unakotoka. Ukiliona limelala sambamba na ardhi, ujue upepo huo si wa mchezo."

Tukaingia mawinguni.

Kuna kushuka, halafu kuna ndege kushuka na tumbo lako likabaki juu likishangaa. Milango ya makabati ya mizigo ikaanza kugonga kama meno ya mtu mwenye homa. Nikaendelea kufundisha, ila sentensi zikawa fupi, kisha maneno, kisha nikawa nanyoosha kidole tu. Mama naye akawa anajibu "mhm" bila kufungua mdomo. Nikadhani sasa, hatimaye, anaogopa.

Tulipochomoza chini ya mawingu niligeukia dirishani nikaiona njia ya kutulia. Sasa, abiria hatakiwi kuiona njia ya kutulia iko mbele yake kupitia dirisha la ubavuni. Anayeiona mbele ni rubani. Sababu niliijua kabisa: tulikuwa kaa. Kaa wa tani kadhaa, anayekwenda kasi ya kama kilomita 250 kwa saa. Ujuzi wote huo kichwani, na jasho linanichuruzika hadi kwenye soksi.

Ardhi ikaja, ikaja, nikaona nyasi moja moja zimelala. Mara injini zikanguruma, pua ikainuka, tukapaa tena. Huo ni utaratibu wa kawaida: rubani akiona mambo hayajakaa sawa, anaondoka, anazunguka, anarudi. Nilishapanga kumweleza mama hilo. Nikafungua mdomo, nikagundua kwamba kinachotaka kutoka si maelezo.

Nikanyakua ndege yangu ya karatasi. Ndugu zangu, mfuko ukishakuwa ndege haurudi kuwa mfuko. Nikaukunjua, nikaona mwanga kupitia pale penye mkia. Nikamgeukia kijana: mfuko wake ulikuwa kazini, ameushika kwa mikono miwili.

"Mama, naomba mfuko wako. Tafadhali. Haraka."

Akakaza mkono kwenye mfuko wake. "Mna meno yangu humu, mwanangu."

Alikuwa ameyavua tulipoingia mawinguni, yasije yakamponyoka. Mwanamke mwenye mipango.

Ikabaki kofia yangu ya pama. Mpya, ya kitambaa kizito. Sina la ziada la kusema kuhusu dakika zile, isipokuwa kwamba kofia ilishonwa na fundi mwaminifu, haikuvuja.

Mara ya pili tukatua. Kwa kishindo, lakini kwenye upepo kama ule rubani hapembelezi: anataka tairi zishike chini, vile vibao vya juu ya mabawa viinuke, ndege isahau habari za kuruka. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga, mikono ilikuwa na mzigo.

Mhudumu akapita na tabasamu, akauliza kama kuna taka. Nikasema hakuna. Aibu ni kitu kibaya sana. Nilipanga nifike chini, nitafute pipa kimyakimya, mimi na kofia yangu.

Mlangoni, juu ya ngazi, mama akasimama. Meno yamesharudi mahali pake. Akaangaza uwanja wote hadi macho yakatua kwenye bomba la kitambaa, limelala sambamba na ardhi. Akalitazama vizuri mdomo wake, kisha akatoka upande wangu wa kulia akahamia kushoto. Nikadhani ananipisha kwenye reli ya kushikilia.

Ngazi ya tatu upepo ukanipiga kutoka kushoto, nikayumba. Na mwili wangu, bila kuniuliza, ukafanya kile video zote zilichoufundisha: nikageuza pua kuelekea upepo unakotoka. Ukingo wa pama ukainuka kama bawa.

Shati lilikuwa jeupe.

Mama alisubiri nipanguse macho. "Lakini ulisema pua inanyooshwa kabla ya kugusa chini, mwanangu."