Kofia ya Pays

Camp de Thiaroye nimeitazama mara mbili. Mara ya kwanza, nakiri, usingizi ulinichukua katikati. Filamu ina zaidi ya saa mbili na nusu, na sehemu kubwa ya muda huo watu wanagombana juu ya chakula, nguo na pesa. Mara ya pili ndipo nilipong'amua kwamba ugomvi huo ndio kisa chenyewe.

Mambo haya yalitokea kweli. Mwishoni mwa 1944, askari wa Kiafrika walioipigania Ufaransa na kutekwa na Wajerumani walirudishwa Senegal, wakawekwa kambi ya Thiaroye nje ya Dakar kusubiri malipo yao. Walipong'ang'ania haki yao, asubuhi ya tarehe 1 Desemba jeshi la Ufaransa, jeshi lao wenyewe, liliwamiminia risasi. Ousmane Sembène na Thierno Faty Sow waliitoa filamu yao mwaka 1988, kwa fedha za Senegal, Tunisia na Algeria. Sembène naye aliwahi kuwa askari wa Mfaransa, na inaonekana: anajua kambi inavyonuka.

Tazama suala la nguo. Wanaume hawa wanashuka melini wamevaa sare za Kimarekani zilizowakaa sawasawa. Muda si muda wanaamriwa kuzivua na kurudia kaptula na kofia nyekundu. Watu waliopita kwenye vita vya Ulaya wanageuzwa maboi mbele ya macho yako. Mtengenezaji mwingine angetuwekea hotuba hapo, na muziki wa majonzi juu yake. Hawa wawili wanakuacha utazame tu.

Kisha pesa. Faranga walizotoka nazo Ulaya zibadilishwe kwa nusu ya thamani! Na maofisa wanashuku wameziiba, kwani mtu mweusi atazipata wapi pesa zote hizo?

Lugha nayo imenifurahisha. Askari wametoka kila koloni, hata wengine wanaitwa kwa majina ya nchi zao, na wanaelewana kwa Kifaransa kilichokatwakatwa cha kambini. Sisi tuliowahi kuwasikia wazee wetu waliokuwa keya, yaani askari wa Kiafrika wa jeshi la Mwingereza, waliokwenda hadi Bama (Burma), tunakijua Kiswahili cha namna hiyo. Kati yao yupo sajini Diatta, msomi, mpenzi wa vitabu na santuri, ambaye Kifaransa chake hakina dosari hata kidogo. Hakimsaidii. Kijiji chake kilishambuliwa na Wafaransa haohao yeye akiwa vitani kwa ajili yao.

Sehemu ya mwanajeshi wa Kimarekani anayetekwa naona imerefushwa kupita kiasi. Na yule kapteni mzungu mwema hakunigusa; yupo ili mtazamaji wa Ulaya apate mahali pa kukaa.

Lakini Pays! Jina lake maana yake "nchi". Sidiki Bakaba anamwigiza bila kutamka neno hata moja, kwa miguno na macho tu. Pays alipitia Buchenwald, kambi ya mateso ya Wanazi, akili zikayumba, na kichwani havui kofia ya chuma ya Kijerumani. Anapoishika seng'enge ya kambi ya Thiaroye, anadhani amerudi kulekule. Wenzake wanamtuliza: hapa ni Afrika, tumefika nyumbani. Mimi pia nilimwonea huruma, maskini, haelewi alipo.

Basi jenerali anatoa ahadi kwamba watalipwa kamili. Kambi nzima inacheza ngoma, kisha inalala. Pays yuko lindo, anaviona vifaru vinakuja gizani. Anakimbia kuwaamsha wenzake, anaguna, anawavuta. Wanamwambia akalale, wazimu wake umempanda tena. Hapo nilijikuta nimesimama sebuleni.

Ufaransa ilitangaza maiti 35. Mwaka 2014 rais wake François Hollande alitaja zaidi ya 70, na wapo wanahistoria wanaosema ni mamia. Neno "mauaji ya halaiki" lilitoka kwa Emmanuel Macron mwaka 2024, Sembène akiwa kaburini tangu 2007.

Filamu haiishii kwenye maiti. Inaishia bandarini, askari wapya wa Kiafrika wanapanda meli kwenda Ulaya. Nilirudisha nyuma nikaziangalia tena nyuso zao. Ni vijana wadogo.