Boila la Kuni Lushoto: Tuanze na Moto au na Dari?

Watu wa Tanga mjini wakilala na shuka moja, sisi wa Lushoto, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, Julai tunatafuta blanketi la tatu. Usiku joto hushuka hadi karibu nyuzi 10. Mwaka jana tuliingiza jiko la mkaa chumbani kwa mama. Alfajiri aliamka kichwa kinamgonga, miguu haimbebi. Mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, nayo huua. Kwa hiyo shemeji yangu aliye Uswidi aliposema tufunge boila la kuni, yaani mtambo wa kupasha maji yanayoleta joto vyumbani, sikumpuuza.

Kwao boila lina chumba chake. Kuni huwashwa kwa moto mkali kwa saa chache, joto linawekwa akiba kwenye tangi kubwa la maji, kisha pampu inayazungusha maji hayo kwenye mabomba ya vyumbani. Moshi unatoka nje kupitia dohani. Anayelala havuti chochote, na hilo kwangu ni jambo kubwa.

Ila kuni zenyewe ndizo kazi. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake yaweza kuwa maji. Wenzetu huzipasua na kuzipanga chini ya paa mwaka mzima au zaidi, hadi maji yabaki chini ya asilimia 20. Sisi tunanunua mzigo asubuhi, jioni uko motoni. Umewahi kuona ncha ya kuni ikitoa povu na kufoka? Hapo moto unakausha kuni, haujaanza kukupasha wewe, na dohani inajaa masizi. Tena umeme ukikatika pampu inasimama huku kuni zinaendelea kuwaka, na maji yasiyozunguka yanazidi kuchemka. Bila vali za usalama na fundi anayezijua, hiyo ni hatari.

Wapo wanaoogopea misitu yetu ya Usambara, na wana haki. Matawi ya migrevilea tunayopogoa shambani yanaweza kutosha nyumba moja. Mji mzima ukitaka maboila, watu watapanda msitu wa Magamba na mashoka.

Kilichonizuia hasa ni nyumba yenyewe. Bati letu halikuwa na dari; joto likipanda lilitokea juu. Nyumba za Uswidi zimefungwa vizuri kuta na paa, ndiyo maana moto mmoja unadumu usiku kucha. Zahanati au nyumba ya wageni inayohitaji maji ya moto kutwa, ningeiunga mkono ifunge boila. Sisi tumepiga dari kwanza, chumba cha mama kikatangulia, na fundi anatutengenezea jiko la chuma lenye dohani. Kuni tulizopasua Septemba ziko chini ya upenu. Juzi niligonganisha mbili: bado mlio wake ni mzito, hazijakauka.